Maonyesho ya ajira: Foleni ndefu, nafasi chache

KILA mwaka viwanja vya vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi nchini hugeuka soko kwa siku moja au mbili. Mahema hupigwa, mabango ya benki, kampuni za bima, mashirika ya simu na idara za serikali huinuliwa, nao wanafunzi waliovalia suti, baadhi zikiwa za kuazima, hupanga foleni wakiwa na bahasha za kaki mikononi. Haya ndiyo maonyesho ya ajira na uanagenzi, mkutano wa anayetafuta kazi na anayesemekana kuwa nayo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayeyatazama maonyesho haya atadhani methali hiyo imepitwa na wakati, kwa sababu hapa chema na kibaya vyote vinajitembeza. Mwanafunzi aliyeongoza darasa lake na yule aliyeponea chupuchupu katika mitihani husimama mbele ya meza moja, kila mmoja akiwa na dakika chache tu za kujieleza kabla ya afisa wa kampuni kumwita anayefuata.

Kwamba maonyesho haya yana manufaa si jambo la kubishaniwa. Linalostahili kupimwa ni iwapo manufaa hayo yanalingana na matumaini wanayopewa vijana, na ni nani hasa anayegharamia pengo lililopo kati ya mawili hayo.

Mahitaji mawili, foleni moja

Katika foleni hiyo moja huwa kuna makundi mawili yenye mahitaji tofauti. Kundi la kwanza ni la wanafunzi ambao bado wako chuoni na wanatafuta nafasi za mafunzo ya nyanjani. Mafunzo haya, ambayo kwa kawaida huchukua takriban miezi mitatu, ni sehemu ya kozi nyingi. Huandikwa katika daftari maalum, mhadhiri hutumwa kuyakagua na alama hutolewa. Anayekosa mahali pa kuyafanyia huenda akachelewa kufuzu hata kama amepasi mitihani yake yote.

Kundi la pili ni la waliokwisha kuhitimu. Hawa wanatafuta uanagenzi, yaani nafasi ya kufanya kazi kwa muda, aghalabu kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja, ili wapate ujuzi ambao waajiri huutaja katika kila tangazo. Kijana huambiwa alete tajriba ya miaka mitatu ilhali hakuna aliyekubali kumpa hata ya miezi mitatu. Uanagenzi ndio unaodaiwa kuwa daraja la kuvukia pengo hilo.

Makundi haya mawili yanaposukumwa katika foleni moja, mwajiri huona umati tu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayehitaji wiki 12 za kujifunza hushindana na mhitimu ambaye yuko tayari kufanya kazi yoyote, kwa malipo yoyote, kwa muda wowote. Mara nyingi wote wawili hurejea nyumbani na kijitabu cha matangazo, kalamu yenye nembo ya kampuni, na agizo la kutuma maombi kupitia mtandao.

Hesabu isiyojumlika

Chanzo cha foleni hiyo kinaonekana wazi katika takwimu za serikali yenyewe. Kati ya watahiniwa 962,512 waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) mwaka wa 2024, jumla ya 246,391 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya kujiunga na chuo kikuu kwa masomo ya digrii. Mamia ya maelfu ya wengine walifuzu kwa stashahada, vyeti na kozi za ufundi.

Upande wa pili wa mizani ni ajira. Ripoti ya Hali ya Uchumi ya 2025 iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) ilionyesha kuwa nafasi mpya 782,300 za kazi zilibuniwa nchini mwaka wa 2024. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa katika sekta ya juakali. Kwa maneno mengine, katika kila kazi kumi mpya, tisa zilipatikana kwenye vibanda, karakana, masoko na vituo vya bodaboda. Zilizosalia, zisizofika 80,000, ndizo zilizokuwa za mshahara na mkataba, au za sekta rasmi kwa jumla.

Ni kazi hizo zisizofika 80,000 zinazowakilishwa na mahema ya maonyesho. Hata kama kila moja ingetengewa kijana aliyetoka chuoni, bila ya mfanyakazi mwenye umri mkubwa kuajiriwa popote, bado zisingetosha hata theluthi moja ya waliofikisha alama za chuo kikuu katika mwaka mmoja pekee. Hakuna mpangilio wa viti na meza unaoweza kubadilisha hesabu hiyo. Maonyesho huweza kuamua ni nani atakayepata nafasi, lakini hayaongezi nafasi.

Hali haikuwa hivi siku zote. Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka wa 1970 kilikuwa cha pekee cha umma hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipozaliwa mwaka wa 1984. Katika enzi hizo wahitimu walikuwa wachache na serikali, iliyokuwa ingali inajaza nafasi zilizoachwa na wakoloni, ilikuwa mwajiri wao mkuu. Mwanafunzi wa ualimu alijua kwamba cheti chake kilikuwa sawa na barua ya kazi.

Uhakika huo ulikwisha katika miaka ya tisini, wakati serikali ilipobanwa na wafadhili ipunguze watumishi wake. Mwaka wa 1998 uajiri wa moja kwa moja wa walimu ulisitishwa. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia karo kikamilifu, na vyuo vingine vikafuata. Mlango wa kutokea ulifungwa nusu wakati uleule mlango wa kuingilia ulipopanuliwa. Foleni za leo katika mahema ni mavuno ya maamuzi hayo mawili.

Kampuni hutafuta nini?

Ni rahisi kuwalaumu waajiri kwa kuleta mabango pasipo kazi. Hata hivyo, wao hawajavunja ahadi yoyote. Kwa kampuni nyingi, kuhudhuria maonyesho ni sehemu ya biashara. Benki hupata wateja vijana watakaofungua akaunti, kampuni ya simu huuza laini, na shirika kubwa huimarisha sura yake mbele ya watu watakaokuwa wanunuzi wake kwa miaka 40 ijayo.

Pia wapo waajiri wanaokuja kwa nia ya kuvua samaki bora kabla ya wenzao kufika. Kampuni za uhasibu, uhandisi na teknolojia huwa zinajua zinachotaka. Hutazama mradi uliofanywa na mwanafunzi, huuliza maswali ya kitaalamu na kuchukua majina ya wachache. Kwa wachache hao maonyesho huwa kweli mwanzo wa maisha mapya, na ni hadithi zao zinazosimuliwa katika matangazo ya mwaka unaofuata.

Zipo faida nyingine zisizoonekana haraka. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuketi mbele ya mwajiri hugundua kwamba wasifu wake wa kurasa sita haumsaidii, na kwamba kueleza alichofanya kwa mikono yake kuna uzito kuliko kuorodhesha sifa za bidii na uaminifu. Anayesomea kozi isiyotajwa katika hema hata moja hupata onyo mapema. Wahadhiri nao, iwapo wanatega sikio, husikia kutoka kwa wenye viwanda ni mitambo na programu gani zilizotupwa miaka kumi iliyopita ilhali zingali zinafundishwa madarasani.

Ni mahali pazuri pia pa kujua haki. Wanafunzi wengi hawana habari kwamba marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyopitishwa mwaka wa 2022 yanamzuia mwajiri kumdai mwombaji vyeti vya kuthibitisha kwamba hana madeni, ushuru au makosa, kabla ya kuamua kumpa kazi. Hapo awali kijana asiye na kipato alilazimika kuzunguka kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), Halmashauri ya Ushuru hadi Idara ya Upelelezi, akilipia nauli na ada, ili kuomba kazi ambayo huenda asingeitwa hata kwa mahojiano. Sheria ilibadilika, lakini matangazo mengi yaliendelea kuandikwa kana kwamba haikubadilika.

Mkono mtupu haulambwi

Jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini zaidi katika maonyesho haya ni malipo. Nafasi nyingi za mafunzo ya nyanjani hazina malipo, na hata za uanagenzi nyingi hutolewa kwa ahadi ya ujuzi pekee. Kwa mwajiri, hilo huonekana kuwa haki, kwani anampokea mtu asiyejua kazi na kumpa muda wa wafanyakazi wake wenye ujuzi.

Kwa mwanafunzi, hesabu ni tofauti. Anayesomea Chuo Kikuu cha Garissa, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, akipata nafasi katika makao makuu ya shirika jijini Nairobi, hana budi kutafuta chumba, kununua chakula na kulipa nauli ya matatu kila siku kwa miezi mitatu. Waajiri wengi pia humtaka alete bima ya ajali aliyojilipia mwenyewe. Haya hufanyika wakati ambapo chuo nacho kinadai karo ya muhula huo.

Mwenye mjomba Umoja au dada Donholm atavumilia. Asiye na mtu jijini atalazimika kuiacha nafasi hiyo, hata kama alimshinda mwenzake katika mahojiano. Hivyo ndivyo uanagenzi usiolipwa unavyogeuka chujio la mali badala ya kipawa. Aliyezaliwa katika nyumba yenye uwezo hujaza wasifu wake kwa majina ya mashirika makubwa, naye mwana wa mkulima mdogo hubaki na cheti pekee. Miaka miwili baadaye mwajiri huwalinganisha na kusema kwa dhati kwamba wa kwanza ana tajriba zaidi.

Uhaba wa nafasi umezaa maovu mengine pia. Mahali ambapo wengi hung'ang'ania kidogo, mlinda lango hugeuka mfalme. Wapo wanaodai chai ili kupitisha barua, wapo wanaowatumia wasichana ujumbe usiku wakitaka malipo ya aina nyingine, na wapo matapeli wanaotoza ada ya usajili kwa kazi zisizokuwapo. Mwanafunzi anayehitaji sahihi katika daftari lake la mafunzo ili afuzu ni mnyonge mbele ya anayeishika kalamu, na ni nadra kuwapo mtu anayejulikana wa kumpelekea malalamishi.

Mfano mbaya kutoka juu

Serikali ingetarajiwa kuwa kielelezo katika suala hili, na kuna wakati ilielekea kuwa hivyo. Mpango wa uanagenzi katika utumishi wa umma ulioanzishwa mwaka wa 2019 chini ya Tume ya Utumishi wa Umma (PSC) uliwatengea wahitimu mwaka mmoja wa kufanya kazi katika wizara na mashirika ya serikali, huku wakilipwa marupurupu ya Sh25,000 kwa mwezi wakati ulipoanza. Nafasi zilitangazwa wazi, na kijana hakuhitaji kumjua mtu yeyote wizarani ili aombe.

Lakini serikali hiyohiyo ilionyesha jinsi neno uanagenzi linavyoweza kupindwa. Shule za sekondari ya msingi zilipoanzishwa mwaka wa 2023, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) iliwachukua maelfu ya walimu kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa shule za msingi walikuwa wakipewa Sh15,000, kiasi kilichokuwa chini ya kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, ambacho kuanzia mwaka wa 2022 kilikuwa Sh15,201.65.

Walimu hawa walikuwa wamehitimu, wamesajiliwa na walikuwa wakifundisha madarasa kamili bila ya mwalimu mkongwe wa kuwaelekeza. Aprili 2024 Mahakama ya Uajiri na Leba iliamua kuwa kuwaajiri kwa njia hiyo kulikiuka haki zao. Mgomo ulifuata shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, na hatimaye takriban walimu 46,000 walipewa kandarasi za kudumu kuanzia Januari 2025. Hata hivyo, katika kipindi hichohicho TSC ilitangaza nafasi nyingine 20,000 za uanagenzi.

Madaktari wanagenzi walipitia njia kama hiyo. Makubaliano ya mwaka wa 2017 yaliweka malipo yao kuwa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka wa 2024 serikali ilitaka kuyashusha hadi Sh70,000, jambo lililochangia mgomo wa siku 56 uliomalizika Mei 8, na mzozo huo haukutatuliwa hadi Desemba, pale mkataba mpya ulipoyarejesha malipo ya awali. Walioumia zaidi walikuwa wagonjwa.

Visa hivi viwili vina somo kwa maonyesho ya ajira. Uanagenzi ni kipindi cha kujifunza chini ya mlezi, chenye mwanzo na mwisho. Nafasi inayohitaji mtu kila mwaka, yenye majukumu kamili na isiyo na mlezi, ni kazi iliyovishwa jina la bei nafuu. Serikali ikifanya hivyo, kampuni ya kibinafsi itaona haya gani kumweka mhitimu kwenye kaunta yake kwa miezi kumi na miwili, kisha kumleta mwingine foleni ijayo ya maonyesho ikifunguliwa?

Pesa zipo wapi?

Waajiri husema hawana fedha za kuwalipa wanaojifunza. Hoja hiyo ina ukweli kwa biashara ndogo, lakini inasahau kwamba tayari kuna mfuko wa kazi hiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hutozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Kampuni ya wafanyakazi 200 hutoa Sh10,000 kwa mwezi, au Sh120,000 kwa mwaka. Mwajiri anayegharamia mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arejeshewe sehemu ya gharama hizo.

Nafuu ya pili ilipitia kodi. Kupitia Sheria ya Fedha ya 2015, serikali iliamua kumpunguzia ushuru mwajiri ambaye angechukua angalau wahitimu kumi wa vyuo vikuu kuwa wanagenzi kwa kati ya miezi sita na 12. Wazo lilikuwa jema, ila kipimo cha watu kumi kiliwafaa wakubwa pekee. Mwenye kampuni ya uchapishaji ya watu 15 mjini Nakuru au kituo cha kutengeneza kompyuta huko Kisii angewezaje kuwapokea wanagenzi kumi kwa mpigo?

Dosari hiyo ndiyo inayoonekana pia katika mahema ya maonyesho. Mpango mzima umejengwa kwa ajili ya mashirika makubwa, ilhali takwimu zinasema kazi tisa kati ya kumi ziko kwingine. Fundi wa friji aliyewaajiri vijana wanne Gikomba, mwenye karakana ya vyuma Kariobangi, mwenye kampuni ya kusafirisha mboga kutoka Meru hadi Mombasa, wote hawaalikwi. Hawana bango, hawana afisa wa rasilimali watu na hawana Sh50,000 za kukodi nafasi ya hema. Wanachokuwa nacho ni kazi.

Kwamba juakali inaweza kufunza kwa utaratibu si ndoto. Mradi wa kuwapa vijana ajira na fursa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka wa 2016 uliwaweka vijana chini ya mafundi stadi katika karakana zao. Baada ya kipindi cha mafunzo, walipimwa ujuzi na kupewa vyeti na NITA. Kwa njia hiyo fundi alitambuliwa kuwa mwalimu, na kijana akatoka na ujuzi pamoja na karatasi ya kuuthibitisha.

Ni kweli kwamba mwenye digrii huona haya kuingia karakanani, na mara nyingi ni wazazi waliouza ng'ombe ili asome wanaomtia haya hiyo. Lakini karakana ileile inahitaji mtu wa kuandika vitabu vya hesabu, wa kutafuta soko mtandaoni, wa kuandaa zabuni na wa kusoma michoro. Mhasibu na mhandisi wanaoanzia hapo hujifunza biashara nzima, ilhali mwenzao katika shirika kubwa huenda akatumia miezi mitatu akitoa nakala za barua na kuwapikia wakubwa chai.

Mahema ya ng'ambo

Katika miaka ya karibuni aina nyingine ya hema imeongezeka. Mwaka wa 2024 Wizara ya Leba ilianza kuzunguka katika kaunti ikiwasajili vijana kwa kazi za nje, nao waliojitokeza walikuwa maelfu. Septemba mwaka huo Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin. Kwa vijana wengi, hasa wauguzi, mafundi na wahudumu wa hoteli, Ughaibuni na nchi za Ghuba zimekuwa jibu la swali ambalo nyumbani halina jibu.

Hakuna ubaya wowote kwa Mkenya kutafuta riziki ng'ambo, mradi aende kwa njia halali na akijua haki zake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyobuniwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, huweka orodha ya mawakala walioidhinishwa, na kijana anayetakiwa kulipa pesa anapaswa kuikagua orodha hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Chuo kinachomruhusu wakala kupiga hema katika uwanja wake kinamdhamini machoni pa wanafunzi, hivyo kina wajibu wa kumchunguza kwanza.

Lakini ikiwa maonyesho ya vyuo vya Kenya yataishia kuwa vituo vya kuagizia wafanyakazi wa mataifa mengine, mlipa ushuru aliyegharamia masomo yao atakuwa na haki ya kuuliza ni kwa nini hospitali za kaunti zinakosa wauguzi.

Yanayoweza kurekebishwa sasa

Kuongeza ajira ni kazi ya miaka, na inategemea viwanda, kilimo, umeme nafuu na utawala usio na ufisadi. Kuboresha maonyesho hakuhitaji kusubiri hayo yote. Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kila chuo kinachoandaa maonyesho kinafaa kutangaza, miezi sita baadaye, ni waajiri wangapi waliofika, ni nafasi ngapi zilizotolewa, ngapi zilikuwa na malipo na ni wanafunzi wangapi walioingia kazini. Mwajiri ajaye mara tatu mfululizo bila ya kumchukua hata mwanafunzi mmoja atozwe ada ya matangazo kama mtangazaji mwingine yeyote.

Hatua ya pili ni kutenganisha foleni. Wanaotafuta mafunzo ya nyanjani wapewe siku yao, na waajiri waje na idadi ya nafasi walizo nazo, tarehe za kuanza na majina ya walezi. Wahitimu nao wapewe yao. Siku hizo zifanyike pia Lodwar, Garissa, Lamu na Kitui, zikihusisha serikali za kaunti na biashara za huko, kwa sababu nafasi iliyo karibu na nyumbani hupunguza gharama ya chumba na nauli.

Tatu, pasiwe na uanagenzi bila ya maandishi. Ukurasa mmoja unatosha kueleza muda, kazi, mlezi, malipo na mahali pa kulalamikia. Kwa wanaofanya mafunzo ya nyanjani, nauli na chakula cha mchana viwe kiwango cha chini kabisa, na mwajiri mdogo anayevitoa arejeshewe fedha hizo kutoka katika tozo ya mafunzo bila ya kuzungushwa. Kwa waliohitimu, malipo yasishuke chini ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali yenyewe.

Mwisho, mafundi na wafanyabiashara wadogo waalikwe bila ya kutozwa ada. Hema moja la mafundi wa juakali walioidhinishwa na NITA huenda likatoa nafasi nyingi za kweli kuliko mahema matano yenye mabango ya rangi.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na vijana wa Kenya wamegaagaa vya kutosha. Wameamka alfajiri, wamepiga pasi suti za kuazima, wamechapisha nakala kwa fedha za chakula na kusimama juani. Sehemu yao wameitekeleza. Ni juu ya vyuo, waajiri na serikali sasa kuhakikisha kwamba ufukweni huko kuna samaki.